Nyumba ya Langoni na Aliyevuta Kamba

Jumatatu, 8 Julai 1996

Barua ya mke wangu Dolphine imefika. Anakuja Jumamosi na watoto wote wawili. Ameshauza kuku, ameshaaga kanisani. Ati ana hamu ya kuiona ile nyumba ninayomwandikia kila mwezi.

Nyumba sina. Nina boti. Hata boti ni ya kampuni, ya chuma, bapa kama sinia, na katikati kuna kibanda cha mabati ambamo nalala na reki mbili na jembe. Nilihamia humu mwezi wa nne, Nyamweya aliponifukuza kwenye chumba chetu cha laini, zile nyumba za wafanyakazi, kwa sababu ya kuku kumi na wawili niliofuga chini ya kitanda chake. Chini, si juu. Mtu mwenye roho ndogo sana.

Kazi niliipata kwa akili. Asubuhi moja wakati wa kuitwa majina, meneja aliuliza nani ametoka upande wa ziwa na anajua mambo ya boti. Nikainua mkono. Kwetu ni mlimani kabisa. Ziwa nimeliona mara mbili, zote nikiwa ndani ya basi. Lakini huku Kericho watu wanaamini Mjaluo huzaliwa ameshika kasia, na mimi ni nani nibishe. Kuogelea sijui. Hakuna aliyeuliza.

Mfereji wetu unatoa maji mtoni na kuyapeleka kwenye mtambo wa umeme wa kiwanda cha majani chai. Kilomita tisa. Tunaanzia chini, kwenye mtambo, tunapanda kuelekea lango la maji. Mimi niko ndani natoa magugu kwa reki. Kiptanui yuko ukingoni, anavuta boti kwa kamba begani. Kamba ni ndefu na asubuhi ukungu ni mzito, kwa hiyo hatuonani, tunaongea kwa kamba. Mvuto mmoja, simama. Miwili, twende. Mitatu, nimekubali.

Leo supavaiza Gibson amekuja na habari. Mfereji ukiwa safi mpaka langoni kufikia Jumamosi saa sita mchana, nyumba ya langoni ni yangu. Vyumba viwili na jiko. Usipokuwa safi, analetwa mkandarasi na mimi narudi kuchuma majani, boti naacha. Sasa Dolphine atashukia wapi? Kwa Nyamweya?

Tumebakiza kilomita tano, na siku ni tano. Nikaona Mungu yupo. Saa kumi Kiptanui akaja kuniambia ng'ombe wake wa maziwa ni mgonjwa huko Siongiroi na lazima aende. Nikamwambia ng'ombe wana madaktari wao. Akaniangalia kama mtu niliyemtukania mama. Mwishowe alisema atajaribu kutuma mtu wa kumshikia kazi. Tumekubaliana Gibson asijue.

Jumanne, 9 Julai

Ukungu wa ajabu. Ncha ya reki yangu mwenyewe siioni. Nilikaa kwenye boti nikihesabu siku imekufa. Saa moja na nusu kamba ikakaza. Mivuto miwili. Boti ikaondoka.

Huyu mtu wa Kiptanui ni kiboko. Hapumziki, haombi sigara. Kiptanui huimba nyimbo za kanisa njia nzima, tena vibaya. Huyu haongei. Nilimwita mara tatu, nikamuuliza anaitwa nani na ni wa wapi. Nilisikia kikohozi tu, kile cha kifuani, cha mtu aliyelala na nguo mbichi.

Jambo moja sikulipenda. Kwenye ile miti ya blugamu kuna ndege ambao hupiga kelele mpaka mtu anaumwa na kichwa. Leo walinyamaza. Kila tulipofika walinyamaza, na tukishapita nyuma yetu wakaanza tena.

Saa sita ukungu ulipoinuka nikakuta kamba imefungwa kwenye shina la chai, fundo safi. Mtu hakuna. Nikasema ameenda kula. Nyayo zake ziko ukingoni, miguu mitupu, na kila unyayo umejaa maji pomoni. Kwingine kote ukingo ni mkavu.

Lakini tumekwenda karibu kilomita moja na nusu! Nitamwomba Kiptanui huyo ng'ombe augue mara kwa mara.

Jumatano, 10 Julai

Asubuhi kama jana. Kamba ikakaza, boti ikaenda, nikafanya kazi vizuri mpaka daraja la pili. Hapo ndipo Yunia huuza chai na mandazi. Ni mjane, mtu mpole, hukopesha. Nilikuwa nimeshika kikombe wakati dereva wa trekta la majani alipompa Yunia barua yangu, kutoka kwa Kiptanui. Ng'ombe bado yuko chini. Atarudi Jumatatu. Anaomba msamaha, hakupata mtu hata mmoja wa kutuma.

Niliisoma mara mbili. Nikaangalia kamba. Ilikuwa imekaza, imeingia ndani ya ukungu, inangoja.

Nikamwambia Yunia kuna mtu ananivuta na simjui. Akaweka birika chini. Akaniuliza kama anakohoa. Nikasema ndiyo. Akauliza kama hufunga fundo na kuingiza ncha ndani isionekane. Nikasema ndiyo. Akakaa juu ya gogo.

Akaniambia mume wake Osoro alivuta kamba hii miaka tisa. Supavaiza wa wakati huo alimwahidi nyumba ya langoni siku mfereji utakapokuwa safi mwanzo mpaka mwisho. Osoro alikuwa amebakiza hatua mia moja. Asubuhi ya ukungu kama huu alianguka ndani na kamba ikiwa begani. Sasa ni miaka minne. Huku nyumba ni ya kazi, kila mtu anajua, na kazi ikiisha unapewa siku tatu. Siku ya tatu Yunia alitolewa laini, kabla hata ya kuanua matanga. Tangu hapo analala jikoni kwa dada yake.

Chai ilinimwagikia magotini.  Yunia aliuliza tu kama Osoro anaonekana kuhisi baridi. Nikasema sijamwona. Akasema nikimwona nimsalimie.

Nimeamua kuacha kazi leo leo. Kisha nikakumbuka Dolphine ameuza kuku.

Alhamisi, 11 Julai

Nimepata dawa. Punda!

Kuna mama wa Mulot anayeleta mahindi sokoni kwetu na punda wake. Nilimwazima kwa ahadi ya debe mbili za mahindi ambayo sijayapata bado. Punda havuti kwa ajili ya nyumba, wala hajafa. Nikamfunga kamba, nikaingia kwenye boti, nikampigia mluzi.

Alikwenda hatua tano. Kisha akasimama. Aliangalia mbele ndani ya ukungu, masikio yakalala nyuma, akaanza kurudi kinyumenyume polepole kama mtu anayempisha mzee njiani. Nilimtishia, nikambembeleza, nikamwahidi chumvi. Alijitoa kwenye kamba, sijui vipi, akatimka kuelekea Mulot. Mwenyewe alimfuata akinitaja na ukoo wangu wote.

Kamba ikabaki kwenye nyasi. Nikaiangalia. Ikalala. Kisha ikainuka yenyewe, pole pole, mpaka usawa wa bega la mtu. Ikakaza. Mivuto miwili.

Nasema kweli, nililia. Nilijifungia kibandani nikaomba kwa Kijaluo na kwa Kiswahili. Boti ilikuwa inakwenda tu. Baadaye machozi yaliisha na akili ikarudi. Nikajiuliza: huyu anataka nini? Anataka nyumba ya langoni. Mimi nataka nini? Nyumba ya langoni. Vyumba ni viwili. Pale laini wanaume huwekwa wawili wawili chumba kimoja na hakuna anayekufa. Na mtu wa aina yake atahitaji nafasi gani? Hana hata sanduku.

Nikatoka mbele ya boti. Nikapaza sauti kwamba mimi ni Kepher Otiende, na kwamba akinifikisha langoni Jumamosi kabla ya saa sita, nusu ya nyumba ni yake.  Maji yalinyamaza. Kisha kamba ikavutwa mara tatu.

Baada ya hapo boti ilikimbia hata magugu yakaninyang'anya reki. Mvua ya mawe ya saa tisa ilinyesha kila upande, nikaona majani ya chai yanachanika. Juu ya boti yangu haikuanguka hata punje.

Sina haja ya kumpa chochote, bila shaka. Atadai wapi? Ofisini?

Ijumaa, 12 Julai

Gibson amekuja kukagua.  Nilimwambia Kiptanui yuko mbele huko anavuta, asimsumbue. Gibson ni mtu wa kusumbua. Akasema lazima ampongeze kijana, akafuata kamba mpaka akamezwa na ukungu.

Nikahesabu mpaka sitini. Sikusikia kelele. Alirudi akijifuta mkono kwenye koti. Alisema Kiptanui amebadilika sana, siku hizi haongei ovyo, na amemshika mkono kwa heshima, mikono miwili. Ila mkono wenyewe ni baridi, ati kama kushika samaki. Akauliza kwa nini sijamnunulia glavu. Nikasema nitanunua. Aliendelea kufuta ule mkono mpaka alipofika kwenye pikipiki yake. Koti lake lilikuwa linachuruzika.

Kwenye daraja la tatu Yunia alikuwa ananingoja. Ametembea kilomita mbili na birika. Nikamsimulia mapatano, kwa kuwa nilijisikia mwerevu na hakuna mwingine wa kumwambia. Nusu ya nyumba, nikasema, na mivuto mitatu. Nilitarajia acheke. Alimimina chai kikombe cha pili, akaenda nacho kwenye ukungu, akarudi na kikombe kitupu.  Alikuwa analia na hakujificha. Mimi nikajifanya natafuta reki.

Imebaki nusu kilomita.

Jumamosi, 13 Julai

Tumefika.

Nitaandika yote. Saa nne asubuhi nililiona lango la maji, kivuli tu kwenye ukungu. Hapo kamba ikalegea kidogo. Tukaanza kwenda polepole, hatua moja, halafu kimya, halafu hatua. Nikaelewa tuko wapi. Ni zile hatua mia moja. Nilimsikia akipumua. Nilisikia miguu inateleza kwenye tope na kushika tena. Mara moja maji yalipiga chubwi karibu na ukingo na kamba ikashuka, na mimi, mtu mzima, nikapiga kelele asiachilie. Sikuwa nawaza nyumba wakati huo. Nilimwonea huruma tu, na hofu, vyote pamoja. Kamba ikapanda tena. Saa tano na dakika kumi boti iligonga ukuta wa lango.

Gibson alinipa ufunguo. Akauliza Kiptanui yuko wapi. Nikasema ameenda kujisaidia. Gibson aliangalia zile nyayo za maji zinazopanda kutoka mferejini mpaka mlangoni pa nyumba, mlango ambao ulikuwa bado umefungwa. 

Saa nane Dolphine akafika na watoto na godoro. Aliiona nyumba akafurahi sana. Ouma, mtoto mkubwa, alikimbilia kila chumba. Ajwang mdogo alisimama kwenye mlango wa chumba cha nyuma akasema shikamoo. Nikamuuliza anamwamkia nani. Akasema mzee.

Nilikuwa bado nachungulia chumbani wakati Yunia alipotokea njiani na sufuria tatu, blanketi, na ile birika. Akamsalimia Dolphine vizuri. Kisha akaniambia, mbele ya watu, kwamba nilimwahidi mume wake nusu ya nyumba na amekuja kwa nusu yao.

Nilimweleza Dolphine kando kwamba yale yalikuwa maneno ya kazi, kuchangamsha mtu tu. Dolphine aliniuliza kama nilisema au sikusema. Nikasema nilisema lakini. Hakungoja hiyo lakini. Aliniambia nimpokee mama sufuria.

Jumapili, 14 Julai

Yunia na huyo mwenzake wana chumba cha nyuma. Dolphine na watoto wana cha mbele. Nikauliza, na mimi? Dolphine akasema barua za mwaka mzima anazo, zile za nyumba yenye ua na maua, na nikamuonyeshe hiyo yenye maua niende nikalale huko. Lakini baadaye aliniachia nafasi karibu na mlango.

Kwenye jiko kuna kiti kimoja ambacho hakikauki. Chini yake maji yanajikusanya na Yunia anayapangusa kwa kitambaa, taratibu, kama mtu anayempangusa mtoto. Ajwang aliweka kiazi kwenye kile kiti. Nilikikodolea macho kile kiazi muda wote wa uji. Nikapiga chafya. Kiazi hakuna.

Dolphine haogopi. Nimemuuliza anawezaje. Alisema mzee huyo anafuta miguu kabla ya kuingia, jambo ambalo mimi miaka saba ya ndoa limenishinda.

Nimeona bora nizungumze naye kiume. Wenzangu walipotangulia kanisani nilisimama kwenye mlango wa chumba cha nyuma. Nilimshukuru kwa kazi nzuri. Nilimweleza kwamba mapatano yalikuwa ya siku chache, kwamba mimi nina familia, na kwamba mferejini yeye ameshazoea. Kikohozi. Baridi ikapita miguuni kwangu ikatoka nje.

Niliporudi kutoka kanisani blanketi langu halikuwa karibu na mlango. Lilikuwa ndani ya boti, limekunjwa na kufungwa kamba. Fundo safi, ncha imeingizwa ndani.

Jumatano, 17 Julai

Mambo ni mabaya lakini nimeyatengeneza.

Jumapili jioni mvua ya mawe ilijaza mfereji matawi, kilomita zote tisa. Umeme wa kiwanda ukaanza kufifia. Gibson akanipa mpaka Jumamosi tena. Boti nimeiachia ikateremka yenyewe mpaka chini kwenye mtambo, tayari kuanza upya. Kiptanui amerudi, ng'ombe amepona. Nilimweleza yote. Alichukua kamba mkononi, akaipima, akailaza chini vizuri, akaenda ofisini kuomba kikapu cha kuchuma majani. Hata hakuniaga.

Kwa hiyo boti haisogei. Na kazi ikiisha ni siku tatu, kwa watu wote walio ndani ya ile nyumba. Dolphine, Ouma, Ajwang, Yunia. Yeye pia, nadhani.

Jana nilikwenda kumwomba Osoro. Nilipiga magoti nje ya dirisha, tena kwenye tope. Yunia ndiye aliyejibu. Alisema amelala. Alisema alivuta miaka tisa akiwa hai, akangoja minne akiwa amekufa, na sasa ana kitanda na mke, hatoki. Sauti yake ilikuwa ya furaha, na mimi nikaona aibu. Niliona aibu mpaka nilipofika darajani.

Leo asubuhi aliniletea uji na onyo. Alisema nikizidiwa niende kwa mkandarasi, niende kwa meneja, niende hata kwa polisi, lakini nisithubutu kuongea na wale wa bwawa la chini, pale karibu na mtambo. Nikamuuliza wale gani. Akasema ndugu wawili, waliochimba mfereji huu zamani za wazungu, wakabaki humo, na hawakuahidiwa kitu na mtu yeyote. Alisema Osoro mwenyewe alikuwa akipita hapo bila kugeuza kichwa. Alinishika mkono akanisihi.

Wawili! Na hakuna aliyewahi hata kuwauliza wanataka nini. Nimemshukuru kwa uji.

Saa nane nimeshuka bwawani. Ukungu ulikuwepo hapo peke yake, kwingine jua. Nilitupa kamba majini nikaeleza habari yangu kwa adabu. Wamekubali haraka kuliko nilivyotegemea. Naandika haya boti ikiwa inakwenda, kasi kuliko siku zote, na wananivuta kutoka kingo zote mbili ingawa kamba ni moja.

Kwa malipo wamependa nyumba ya Gibson, ile yenye bati jipya. Gibson hajui bado. Tutamwambia tukifika.